Dakika Ishirini na Tano Zilizokosekana

6 Februari

Kufuli la lango liliganda. Nimelipulizia pumzi hadi likaona aibu likafunguka. Daftari hili nimelinunua kwenye duka la vifaa vya shamba, lina picha ya trekta. Huwa naandika mapumziko ya saa tisa alasiri, wenzangu wakicheza karata. Mimi walinitoa mchezoni zamani. Wanasema nikishika karata nzuri uso wangu huitangaza.

Tumepata msimamizi mpya, Kip Brandeberry, ametoka kiwanda cha vifuniko vya chupa kule Toledo. Ana miaka arobaini. Kwangu mimi mwenye hamsini na tisa, huyo ni kijana. Amekuja na maboksi matatu ya donati, na kabla ya saa sita alishajua majina yetu yote. Nimempenda mara moja. Ndiyo maana nina wasiwasi.

7 Februari

Mizigo sita. Agnes hajambo.

11 Februari

Kip ameuliza Agnes ni nani, mbona anatajwa kila saa na hayumo kwenye orodha ya wafanyakazi. Nikampeleka akamwone.

Agnes ni mashine ya kuchanganyia. Ni pipa la chuma la urefu wa ghorofa mbili, chini limechongoka, na katikati limesimamishwa parafujo nene inayozunguka, ikizoa chenga za plastiki kutoka chini na kuzimwaga juu, zianguke, zizolewe tena. Emmerich, aliyenifundisha kazi hii miaka kumi na tisa iliyopita, alimpa jina la mama mkwe wake, ambaye naye hakupenda kuharakishwa.

Sisi tunatengeneza mabomba ya kuzikwa shambani, yale meusi yenye matundu, ya kunyonya maji ya mvua. Bila hayo nusu ya wilaya hii ingerudi kuwa kinamasi. Plastiki yetu ni takataka za watu: chupa za maziwa upande mmoja, ndoo na vifuniko upande mwingine. Ya chupa ni ngumu, hata motoni inajikokota. Ya ndoo ikiona moto inatiririka kama uji mwepesi, na ikipoa ni rahisi kuvunjika. Zikichanganywa vizuri bomba linakaa ardhini kuliko aliyelizika. Zisipochanganyika, bomba linakuwa maziwa hapa, ndoo pale, na pale penye ndoo ndipo litakapoachia.

Kwa hiyo Agnes hukoroga kila mzigo dakika arobaini na tano. Kip akauliza kwa nini arobaini na tano. Nikamjibu kwamba ndivyo Emmerich alivyosema. Ni kweli, ila si ukweli wote. Dirisha la Agnes linaonyesha katikati tu. Kando ya ukuta kuna chenga zinazokaa kama watu wa viti vya nyuma kanisani, na hao ndio wa mwisho kusimama. Ukiangalia dirishani baada ya robo saa utadhani kazi imekwisha, kumbe ukutani bado wamelala. Hilo sikumweleza. Nilikuwa na donati mdomoni.

14 Februari

Teodora Villalpando wa maabara amerudisha koili nne, kila moja futi elfu tatu za bomba zilizozungushwa kama kamba. Anasema ukuta wa bomba umepungua unene kwa kiasi ambacho mimi nisingekiona hata kwa miwani ya marehemu mume wangu. Teo hugandisha vipande vya bomba kwenye friji, kisha huviangushia chuma kizito aone kama vitapasuka. Kipande kikipona anasaini. Kikipasuka tunarudia kazi sote. Mimi humwita Malkia wa Rula, si mbele yake. Chakula hula peke yake ndani ya gari lake, injini ikiunguruma. Nadhani hata sandwichi huipima kabla ya kuing'ata.

20 Februari

Leo nimeaibika, na naandika ili niache kulifikiria.

Maagizo yamekuwa mengi. Wakulima wote wanataka mabomba kabla ya kupanda, na kinachochelewesha kiwanda kizima ni Agnes. Jana nilikuwa kwa daktari wa meno. Kip alitumia nafasi hiyo kukoroga mzigo mmoja kwa dakika ishirini. Leo mapumziko akapanga vipande kumi vya bomba juu ya meza ya karata: vitano vya arobaini na tano, vitano vya ishirini. Akaniambia bila kejeli yoyote, "Marvella, hakuna anayemjua Agnes kama wewe. Tutengee."

Wote wakasogea. Nikavinusa, nikavikunja, nikavipeleka kwenye mwanga wa dirisha. Vyote vyeusi, vyote vinang'aa. Nikachagua kwa madaha ya miaka kumi na tisa. Kip akavigeuza, nyuma alikuwa ameandika kwa chaki. Nilipata vinne kati ya kumi. Mtu aliyefumba macho angepata vitano.

Duane Kuhlman, anayesimamia mashine ya kuyeyushia, akasema, "Hata Agnes mwenyewe atamkana." Walicheka hadi karata zikaanguka.

Kip hakucheka. Alisubiri watulie, akaniuliza mbele yao, "Nikisema tuwe tunakoroga ishirini, kuna ubaya?"

Hapo nilikuwa na jibu. Rangi nyeusi inatiwa kwenye mashine ya kuyeyushia, na hiyo inafunika kila kitu. Inafunika mchanganyiko mbovu kama inavyofunika mzuri. Jicho si kipimo. Mpe Teo vipande mia avipige, kisha tuzungumze. Nilikuwa nayo yote hayo, kwa mpangilio, nimeyasoma kwenye vitabu vya maktaba nilivyoazima mara tatu tatu. Lakini uso ulikuwa unaniwaka, na Duane bado alikuwa anajifuta machozi.

Nikasema, "Wewe ndiye bosi."

21 Februari

Mizigo tisa, dakika ishirini kila mmoja.

Kila mzigo una kadi, na kadi zetu zimechapwa tayari: dakika 45, sahihi hapa. Kip amesema kadi mpya zitakuja kutoka kwa mpiga chapa, kwa sasa nisaini hizi. Nimesaini tisa.

25 Februari

Kumi. Ishirini. Theluji hadi kwenye vioo vya magari.

26 Februari

Kumi na moja. Ishirini.

1 Machi

Kumi na mbili, dakika ishirini. Gerdeman, mwenye kiwanda, ameteremka mwenyewe kutoka ofisini akanipa mkono. Katika miaka kumi na tisa hiyo ni mara ya pili. Ya kwanza ilikuwa kwenye mazishi ya mume wangu.

8 Machi, Ijumaa

Kumi. Ishirini. Jioni samaki wa Kwaresima katika ukumbi wa kanisa la Mtakatifu Mikaeli. Foleni ilifika nje. Teo alikuwepo na baba yake, mzee Eusebio, aliyekuja huku miaka hiyo kuvuna nyanya na hakurudi. Mzee ana sauti ya mtu aliyezoea kuitana kutoka mwisho wa tuta. Aliniambia, na meza tatu zikasikia, kwamba pale kiwandani hakuna bomba linalotoka mpaka binti yake aseme ndiyo. Teo akamwambia, "Baba, samaki anapoa." Alikuwa mwekundu masikioni. Sikujua kuwa ana masikio.

12 Machi

Kumi na moja. Ishirini. Malkia wa Rula amekuja kuangalia mizani yetu, ameondoka bila kusema asante. Labda neno hilo lilikuwa refu kuliko kipimo.

19 Machi

Kumi. Ishirini. Theluji imeyeyuka, sasa ni tope.

Teo amekuja hadi chini ya Agnes, jambo asilolifanya. Alivua vizibo vya masikio ili anisikie.

"Bi Marvella, kuna kitu kimebadilika huku?"

"Kama nini?"

"Ndicho nakuuliza. Kipande cha mwanzo wa koili nakipiga, kinapona. Futi kumi mbele, koili hiyo hiyo, kinapasuka kama biskuti. Mbele tena kinapona. Namba zangu zinarukaruka."

"Labda friji yako."

"Friji nimeipima mara tatu."

"Agnes ni yule yule," nikasema.

Akaangalia kadi zilizobanwa ukutani. "Arobaini na tano?"

"Si unaona imeandikwa."

Akasoma tena ile kadi, akanishukuru, akarudisha vizibo vyake. Baada ya kuondoka nilijisifu kwamba sikutamka uongo hata mmoja. Sifa hiyo ilidumu hadi chakula cha mchana.

27 Machi

Tisa. Ishirini. Kadi mpya hazijaja. Sijaziulizia.

3 Aprili

Kumi na moja, ishirini. Teo ameanza kukata vipande vitano kwa kila koili badala ya viwili. Malori yanangoja uani, madereva wananung'unika. Kip amemwita pembeni, karibu na Agnes, akamwambia kwa upole kwamba utaratibu unasema viwili, na kwamba ofisini wanashangaa mbona msimu huu majibu yake hayatulii, leo hivi kesho vile. Teo akasema majibu ni ya bomba, si yake. Kip akasema anaelewa, lakini viwili. Nilisikia yote. Leo sikuwa nimevaa vizibo.

Sasa naelewa hatari iko wapi. Vipande viwili vikianguka sehemu nzuri, Teo atasaini koili yenye sehemu mbovu. Sahihi itakuwa yake.

Nikamwangalia akirudi maabara. Anatembea haraka, kama mtu anayejua anachekwa mgongoni.

10 Aprili

Jua la wiki moja. Kila barabara ina trekta la kuzika mabomba. Leland Schroeder, binamu wa marehemu mume wangu, amezika mabomba yetu ya Machi katika ekari arobaini za nyuma ya nyumba yake. Alisimamisha gari katikati ya barabara kunieleza. Alikuwa na furaha hata akasahau kulalamikia bei ya soya.

Kumi. Ishirini.

16 Aprili

Tisa, ishirini.

22 Aprili

Mvua.

23 Aprili

Mvua. Kumi, ishirini.

29 Aprili

Mvua. Mizigo nane, ishirini. Mto umepanda hadi kwenye uwanja wa besiboli.

2 Mei

Mvua ilikatika jana asubuhi, leo kuna upepo mkavu. Siku kama hii sisi wa huku huendesha polepole kutazama mashamba ya wenzetu. Udongo ulio juu ya bomba hukauka kwanza, ukawa mweupe, na mwingine ukabaki mweusi, kwa hiyo shamba lenye mabomba mazima linakuwa na mistari iliyonyooka kama daftari la shule. Ukiona mistari unamsifu mwenye shamba. Usipoiona unaongeza mwendo kwa heshima.

Shamba la Leland lina mistari inayoanza vizuri barabarani, kisha inakatika. Mmoja unafika katikati. Mwingine unakatika, unaonekana tena mbele, unakatika. Mingine mizima hadi mwisho. Na palipokatika kuna maji yamesimama, yana mawingu ndani yake.

Nimeegesha kando nikatazama mpaka gari la nyuma lilipopiga honi. Nimekoroga mizigo mingi maishani lakini sikuwahi kuiona ikiwa imetandazwa chini namna hiyo. Maziwa hapa, ndoo pale.

6 Mei

Leland amefukua. Saa tatu asubuhi aliingia ofisini na kipande cha bomba cha futi sita, akakilaza juu ya kaunta na tope lake. Kimepasuka kwa urefu, kama ganda la njegere. Alisema ana mipasuko mingine kumi na moja aliyoifikia na hajui idadi ya asiyoifikia, na kwamba mahindi yake hayajaingia ardhini.

Gerdeman akaagiza karatasi za koili za Machi. Zote zina sahihi ya Teo. Akaitwa. Milango ya ofisi ile ni ya mbao nyepesi. Aliulizwa kama alizipima kweli. Akasema ndiyo. Akaulizwa basi zimepitaje. Akasema kwamba tangu Machi alilalamika namba zinarukaruka na hakuna aliyemsikiliza. Akajibiwa kwamba namba za maabara nyingine hazirukiruki. Kabla ya saa sita alikuwa ametumwa nyumbani bila mshahara. Ijumaa wataamua, na kila mtu anajua wataamua nini.

Duane akasema, "Sijui alikuwa anapima nini humo ndani." Wakaendelea na karata.

Mimi na Agnes hakuna aliyetuangalia. Kadi zetu zote safi, arobaini na tano, arobaini na tano, arobaini na tano.

7 Mei

Nane. Ishirini. Nimesaini nane.

8 Mei

Baada ya kazi nimepita kwa Teo. Mzee Eusebio alikuwa barazani anamenya viazi. Nikamuuliza hali ya binti yake.

"Yuko jikoni na madaftari yake tangu Jumatatu," akasema. "Ameyatandaza mpaka sina pa kuweka sahani."

"Anafanya nini?"

"Anatafuta kosa lake."

Sauti yake leo haikufika hata kwa jirani. Akanikaribisha ndani. Nikasema nina haraka, amsalimie. Nilikaa kwenye gari mbele ya ofisi ya posta kwa muda ambao Agnes angemaliza mzigo, mzigo wa zamani.

Nimebakiza mwaka na nusu kufikia pensheni kamili. Nimeandika sentensi hiyo ili nione kama ni sababu. Ni sababu. Na yule yuko jikoni anatafuta kosa lililo langu.

9 Mei

Nimelisoma daftari hili tangu mwanzo. Nilidhani naandika ili kupitisha mapumziko. Kumbe kila tarehe ina idadi ya mizigo na dakika zake. Kadi zinadanganya, daftari halidanganyi. Mtu akiwa na tarehe hizi na karatasi za koili anaweza kusema bomba gani liko shamba gani.

Lakini pia limeandikwa Malkia wa Rula. Sandwichi. Asante na kipimo. Nikafikiria kuchana kurasa hizo. Nikakuta asante iko nyuma ya mizigo ya Machi. Karatasi ni moja. Huwezi kutoa upande mmoja ukabaki na mwingine.

10 Mei, Ijumaa

Naandika nyuma ya kalenda ya kampuni ya mbegu, daftari halimo mikononi mwangu.

Saa nne waliitwa Teo na Kip. Mimi sikuitwa. Niligonga, nikaingia, nikaweka daftari juu ya meza, upande wa trekta juu. Nikasema mizigo yote tangu tarehe ishirini na moja Februari ilikorogwa dakika ishirini, na kadi zote nilizosaini si za kweli.

Usiku mzima nilikuwa nimejiandaa Kip atakapokana. Nilikuwa nimepanga maneno. Kip akasema, "Ni kweli. Mimi ndiye niliyesema ishirini. Kadi nilizisahau kabisa, na kosa hilo ni langu." Alikuwa mweupe kama karatasi. Kisha akanigeukia, bila ukali. "Lakini nilikuuliza, Marvella. Nilikuuliza mbele ya watu kama kuna ubaya. Ungesema ndiyo, ningeacha siku hiyo hiyo."

Yale maneno niliyoyapanga yalikuwa ya kumjibu mtu anayekana.

Gerdeman akavua miwani. "Ulijua kuna ubaya?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipoanza kazi."

Teo hakunitazama, alitazama daftari. Akauliza kama anaweza kulichukua. Gerdeman akaniangalia mimi, nami nikasema ni lake. Nilitaka kumwonya kuhusu yaliyomo. Nikaona kwamba onyo hilo lingekuwa kwa ajili yangu, si kwa ajili yake.

Imeamuliwa Teo arudi Jumatatu na alipwe siku alizokaa nyumbani, na kila mzigo upimwe kabla ya kuyeyushwa. Kip amebaki kwa onyo la maandishi. Mimi nimestaafishwa. Walitumia neno zuri kuliko hilo, lakini funguo wamechukua. Duane alikuwa mlangoni nilipotoka. Akanipisha bila mzaha wowote. Hiyo ni mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa.

15 Mei

Teo amenirudishia daftari nyumbani kwangu. Nilimkaribisha kiti, akabaki amesimama kwenye zulia la mlangoni ili asiingize tope.

"Nimelisoma lote," akasema.

"Najua."

"Sandwichi huwa siipimi."

Nilikaribia kucheka, nikamwona usoni nikaacha.

"Wiki yangu ya kwanza nilikaa mezani kwenu," akasema. "Mlikuwa mnaongea, nilipokaa mkanyamaza. Wewe ulikuwa upande wa dirisha. Nikangoja siku tatu. Siku ya nne nikaenda kula kwenye gari."

Nilijaribu kuikumbuka wiki hiyo. Sikuikumbuka hata kidogo, na hilo nadhani ndilo alilokuwa anaangalia usoni kwangu. Nikamwambia samahani. Akasema ameisikia, hakusema ameipokea. Kisha akanieleza habari ya kazi, sauti ile ile. Ameshalinganisha tarehe: mashamba manne. La kwanza ni la Leland. Ofisi itamwandikia barua, lakini mabomba lazima yafukuliwe, na mtu awepo mtaroni kukata vipande vya kupima, na hakuna aliyejitokeza.

"Nitakata mimi," nikasema.

"Hakuna malipo."

"Sawa."

"Kila futi kumi, Bi Marvella. Usichague."

20 Mei

Barua ya ofisi ilikuwa haijafika kwa Leland. Kwa hiyo amesikia kutoka kwangu, tumesimama pembeni mwa shamba lake saa mbili asubuhi, tope juu ya vifundo vya miguu. Nilimweleza Agnes, dakika, kadi, na kwamba niliulizwa nikakaa kimya kwa sababu nilikuwa nimechekwa. Leland alinisikiliza hadi mwisho. Ni mtu aliyebeba jeneza la mume wangu upande wa kulia.

"Sasa iliyobaki humo chini," akasema, "ipi ni mbovu?"

"Siwezi kujua."

"Kazi yako miaka kumi na tisa, huwezi kujua?"

"Kwa macho hakuna anayeweza. Yote ni meusi."

Akatazama ekari arobaini. Ikifika tarehe tano Juni bila mahindi kuingia ardhini, bima inaanza kupungua kila siku. Akapanda kwenye mashine ya kuchimbia.

Tulifanya kazi bila kusemezana. Yeye anafukua, mimi naingia mtaroni, nakata, naandika namba, natia guniani. Mikono ilikufa ganzi kwa maji. Saa tano Teo akaja kuchukua vipande vya mstari wa kwanza, thelathini na moja, akaenda navyo. Alasiri simu yangu ikalia.

Nikatoka mtaroni, nikamfanyia Leland ishara. Akazima injini.

"Teo amemaliza mstari wa kwanza," nikasema. "Kati ya thelathini na moja, vitano vimepasuka."

Akahesabu. "Kwa hiyo ishirini na sita vizima."

"Ndiyo."

"Nafukua mabomba mazima."

"Mengi yake."

"Na hakuna njia ya kuepuka haya."

"Ilikuwepo," nikasema. "Ilikuwa inachukua dakika ishirini na tano."

Leland alinitazama. Sikuinamisha uso. Kisha akawasha mashine, na mimi nikarudi chini mtaroni.